Risasi Inapita Chini ya Kongoni: Je, Ninunue Darubini Kubwa Zaidi?

*"Nina bunduki ya .30-06 yenye leseni, na kila msimu nakata leseni ya kuwinda kama mwenyeji. Juu yake kuna darubini ya 3-9×40 (inakuza mara 3 hadi 9) ambayo fundi aliipiga ziro mita 100, yaani aliirekebisha risasi igonge penye msalaba wa kulengea kwa umbali huo, na kwenye karatasi risasi tatu zinakaa ndani ya upana wa kiganja. Tatizo ni porini. Mita 60 au 100 sina shida. Lakini msimu uliopita nilimkosa kongoni aliyekuwa kama mita 250, vumbi likaruka chini ya tumbo lake. Wa pili, umbali karibu huohuo, nilimvunja mguu, tukamfuatilia mpaka giza likaingia bila kumpata. Mara zote mbili nilikuwa nimevuta mpaka mara 9 na msalaba ulikuwa katikati ya bega kabisa. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue 6-24×56 yenye mistari mingi ndani, anasema ukishamvuta mnyama karibu risasi nayo inafika. Bei yake si mchezo. Mwenzangu anasema kosa ni paralaksi, yaani msalaba kuonekana kuhama ukisogeza jicho. Nifanye nini ili bunduki moja initoshe kuanzia mita 50 hadi 300?"*

Ndugu yangu, fedha zako ziache mfukoni kwanza. Katika maelezo yako kuna mambo mawili yanayonieleza karibu kila kitu: vumbi lililoruka chini ya tumbo, na ule mguu uliovunjika. Kosa linalokwenda kushoto leo na kulia kesho ni la mkono au la skrubu iliyolegea. Lako linakwenda chini mara zote mbili, kwa umbali uleule, na msalaba ukiwa mahali pake. Hilo ni kosa lenye utaratibu, na lenye utaratibu hupimika.

Darubini haiisukumi risasi, haiivuti, wala haijui mnyama yuko umbali gani. Ukizungusha kutoka mara 3 hadi mara 9, picha inakua machoni mwako na hakuna kingine kilichobadilika. Mtutu unatazama palepale na risasi itapita njia ileile. Muuzaji aliposema risasi nayo inafika alichanganya kuona na kufikisha, na nadhani hata yeye anaamini anachosema. Ni imani iliyoenea sana.

Risasi huanza kushuka mara tu inapoachana na mdomo wa mtutu. Anayetungua embe kwa jiwe anajua lazima arushe juu ya embe, na bunduki inafanya hivyohivyo kwa kificho. Darubini imekaa kama sentimita 4 juu ya mtutu, na fundi anapopiga ziro anauinamisha mstari wa kuona kidogo sana ukutane na njia ya risasi. Ukiangalia kwa lenzi unaona mstari mnyoofu. Risasi inatoka chini ya mstari huo, inaupanda, inaupita juu kidogo, kisha inaukata tena ikishuka. Ziro ni pale mbali ambapo vinakutana mara ya mwisho. Kabla ya hapo risasi iko juu ya msalaba au karibu nao, na baada ya hapo iko chini, na kila mita unayoongeza inaifanya ishuke kwa kasi kubwa zaidi kuliko mita iliyotangulia.

Tuchukue risasi ya kawaida ya .30-06, yenye uzito wa greni 180, karibu gramu 11.7, inayotoka kwa mwendo wa kama mita 820 kwa sekunde. Ikipigwa ziro mita 100 kama yako, kwenye mita 200 itakuwa imeshuka takribani sentimita 13. Kwenye mita 250 ni kama sentimita 27. Kwenye mita 300 inakaribia sentimita 46. Sasa mrudie kongoni wako. Kutoka mgongoni hadi chini ya kifua, mwili wake hauzidi sana nusu mita. Uliweka msalaba katikati, ukatoa sentimita 27 kwenda chini: risasi ikapita chini ya kifua au ikagonga mguu wa mbele. Ulilenga vizuri. Bunduki ilitii ziro iliyopewa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Hamisha ziro yako kutoka mita 100 kwenda mita 200.

Ukifanya hivyo, risasi hiyohiyo itakuwa kama sentimita 3 juu ya msalaba kwenye mita 50, sentimita 6 hadi 7 juu kwenye mita 100, katikati kabisa kwenye mita 200, na kama sentimita 6 au 7 chini kwenye mita 230. Mnyama akiwa mita 40 au mita 220, unaweka msalaba katikati ya eneo la moyo na mapafu bila kupiga hesabu yoyote, na risasi haitatoka nje ya duara la sentimita 15. Hilo ndilo eneo la uhai la swala pala kwa makadirio ya tahadhari, na la kongoni ni kubwa zaidi. Sehemu kubwa ya uwindaji wa miombo inaishia ndani ya umbali huo, na huko huna haja ya mistari, vizungusho vya kurekebishia wala kikokotoo cha simu.

Namna ya kufanya: darubini nyingi za kuwindia zina vizungusho vyenye hatua za robo moa. Moa ni dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii, na kwenye mita 100 inakuwa kama sentimita 2.9. Kwa hiyo kila klik, yaani hatua moja ya kizungusho, inahamisha risasi milimita 7 hivi kwa umbali huo. Bunduki yako ikiwa kweli imepigwa ziro mita 100, klik 9 kuelekea alama ya juu zitakupeleka karibu na ziro ya mita 200. Kama vizungusho vyako ni vya mili (mili moja ni sentimita 10 kwenye mita 100), ambapo klik moja ni sehemu ya kumi ya mili na ni sentimita 1 kwenye mita 100, utahitaji klik 6 au 7. Tazama maandishi juu ya kizungusho chenyewe, usikisie. Nimeona watu wakihesabu klik za mili kwa kanuni ya moa na kushangaa kwa nini darubini "inaruka".

Baada ya hapo nenda uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, na uhakikishe kwenye mita 200 zenyewe, risasi tatu tatu, bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga na mtutu ukipewa muda wa kupoa kivulini. Jua letu la saa sita linaupasha mtutu hata kabla hujafyatua. Kama uwanja uliopo una mita 100 tu, weka kundi lako sentimita 6.5 juu ya shabaha, lakini hayo yahesabu kama makadirio hadi utakapopata nafasi ya kuyathibitisha. Wengine hupiga ziro mita 25 kwa sababu pale risasi ya ziro ya mita 200 huukata mstari wa kuona kwa mara ya kwanza. Ni mahali pazuri pa kuanzia, kwani unaokoa risasi. Ila kosa la sentimita 1 kwenye mita 25 ni sentimita 8 kwenye mita 200, kwa hiyo usiishie hapo. Na angalia jedwali lililo kwenye boksi la risasi kama linatumia yadi: yadi 200 ni mita 183.

Namba nilizokupa ni za risasi ya aina hiyo. Ukibadilisha uzito, au hata kampuni kwa uzito uleule, njia inabadilika na pengine kundi zima linahamia kushoto au kulia. Anayenunua boksi la aina yoyote iliyopo dukani na kwenda nalo moja kwa moja porini hana ziro, hata kama alilipa fundi.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda hulitaki. Umesema risasi tatu zinakaa ndani ya kiganja kwenye mita 100. Kiganja ni sentimita 8 hivi. Kundi la sentimita 8 kwenye mita 100 linakuwa la sentimita 16 kwenye mita 200, na 24 kwenye mita 300, na hiyo ni juu ya mfuko wa mchanga, bila upepo, bila moyo kudunda baada ya kutambaa kwenye nyasi. Ukisimama na bunduki ikiegemea fimbo tatu zilizofungwa pamoja, kundi hilo linaweza kuongezeka maradufu kwa urahisi. Maana yake, hata nikikupa darubini bora kuliko zote duniani leo, mita 300 si umbali wako. Bado. Kwa sasa mwisho wako ni karibu mita 150 ukiwa kwenye fimbo, na mita 200 ukiwa umelala na bunduki imetulia juu ya begi. Nikiwa na mwanafunzi mwenye kundi kama lako, huo ndio mpaka ninaompa, na mnyama akiwa mbali zaidi tunasogea au tunamwacha.

Na huko mita 300 kuna upepo. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa, unaotikisa matawi madogo tu, unaihamisha risasi yako sentimita 2 hivi kwenye mita 100, lakini kama sentimita 20 kwenye mita 300. Ukivuta mara 24 utamwona kongoni hadi kope zake, na upepo hutauona.

Kundi linaweza kupunguzwa. Jaribu aina mbili tatu za risasi halisi za kiwandani, kwani kila mtutu una inayoipenda. Kagua skrubu za bezi na za pete zinazoishika darubini, na zile zinazoshika chuma kwenye mbao. Zoea kukibana kifyatulio polepole hadi mlio ukushtue. Mazoezi ya bunduki tupu nyumbani, chemba ikiwa imekaguliwa mara mbili na risasi zikiwa chumba kingine, yatakufaa kuliko milimita 16 za ziada za lenzi. Kundi likifika sentimita 4, tuzungumze tena kuhusu mita 300. Siku hiyo, kwa ziro ya mita 200, risasi itakuwa chini kama sentimita 26, na msalaba ukiuweka sambamba na mstari wa mgongo wa kongoni utafika kifuani. Usiuweke hewani juu ya manyoya. Ukiona inakubidi kulenga hewa, umevuka umbali wako.

Tuje kwenye hiyo 6-24×56. Namba za mwanzo ni ukuzaji, ya mwisho ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukuzaji wake wa chini kabisa ni mara 6, ambapo unaona eneo la upana wa mita 5 na nusu hivi kwenye mita 100, na chini ya mita 3 kwenye mita 50. Darubini yako ikiwa mara 3 inakuonyesha kama mita 11 kwenye mita 100. Mnyama aliyejeruhiwa akiinuka mita 30 kwenye vichaka, ukiwa na mara 6 utaona kahawia tupu na hutajua ni bega, paja au gogo. Kwenye mara 24 upana ni mita moja na nusu kwa mita 100, na kila mpigo wa moyo wako unaonekana kama tetemeko. Mkono unatetemeka kiasi kilekile cha siku zote, ila sasa unaukodolea macho, unashtuka, unavuta kifyatulio kwa pupa. Kuanzia saa nne asubuhi kunaongezeka mvuke wa joto unaocheza juu ya ardhi, na ukuzaji mkubwa unaukuza nao hadi mnyama anaonekana kama yuko ndani ya maji.

Kuna na uzito. Darubini za ukubwa huo mara nyingi zina uzito karibu mara mbili ya 3-9×40, na lenzi ya milimita 56 inalazimisha pete ndefu. Pete ndefu zinakuinua shavu kutoka kwenye kitako cha bunduki, na shavu linaloelea halirudi mahali pamoja mara mbili. Zana hiyo ina mahali pake: mtu anayelala kwenye mkeka uwanjani akipiga karatasi umbali mrefu, siku nzima, bila kutembea. Ndugu zetu wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, wakipiga shabaha kwenye viwanja vya klabu wanaweza kuifurahia. Kwako, unayetembea kutwa nzima na bunduki begani, ni mzigo.

"Lakini lenzi kubwa inaingiza mwanga zaidi alfajiri." Ndiyo, hadi jicho liseme basi. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa mwali unaotoka kuelekea jichoni. Yako kwenye mara 9 inatoa milimita 4.4; kwenye mara 6, karibu 6.7, kwenye mara 4, milimita 10. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi kama milimita 7, na kadiri umri unavyosogea wengi wetu hatufiki hata 6. Mwanga unaozidi hapo hauingii jichoni. Kwa hiyo alfajiri ukiona picha imefifia, punguza ukuzaji uje mara 5 au 6, utaona kama mtu amewasha taa. Hiyo 6-24×56 ikivutwa hadi mara 24 inatoa milimita 2.3 tu, giza kuliko yako.

Kinacholeta tofauti kubwa zaidi ni ubora wa vioo na utando uliopakwa juu yake. Kioo kisicho na utando hupoteza kama asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso, na ndani ya darubini nyuso ni nyingi: zikiwa kumi tu, theluthi ya mwanga imepotea. Tangu Alexander Smakula wa Zeiss alipobuni utando wa kuzuia mng'ao mwaka 1935, hapo ndipo watengenezaji wazuri wanapojitenga na wabaya. Tafuta maelezo kwamba nyuso zote zimepakwa tabaka nyingi. Na bomba la milimita 30, lile wanalolisifia kuwa linaleta mwanga kuliko la inchi moja, faida yake ni nafasi zaidi ya kurekebisha juu na chini. Suala la mwanga silo lake.

Mistari mingi nayo ina mtego wake, na muuzaji asipokueleza huu utajikuta umejeruhi wanyama wengi kuliko sasa. Katika darubini nyingi za kuwindia msalaba uko nyuma ya mfumo wa ukuzaji. Unabaki na ukubwa uleule machoni huku picha ikikua na kupungua, hivyo kila mstari una maana sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Mstari unaosimama badala ya mili 2 kwenye mara 24, ukiwa mara 12 unakuwa mili 4. Kwenye mita 300 hiyo ni tofauti ya sentimita 60. Zile ambazo msalaba umewekwa mbele ya mfumo wa ukuzaji hazina tatizo hilo, mistari inakua pamoja na picha, lakini ukishusha ukuzaji kwa ajili ya kichakani inakuwa nyembamba kama uzi wa buibui, wakati huohuo unapoihitaji zaidi. Zaidi ya hapo, mistari haijui unatumia risasi gani. Lazima uende uwanjani uone mwenyewe kila mmoja unaangukia wapi.

Vizungusho vikubwa vya kuzungusha kila umbali unapobadilika? Vinafanya kazi kwa mwenye kipima umbali cha leza, jedwali lililothibitishwa na dakika mbili za utulivu. Kwa mwindaji wa miguu nina wasiwasi navyo. Vinazunguka vyenyewe vikigusana na mkoba au mlango wa gari, na mtu akisahau kuvirudisha baada ya kupiga mbali, mnyama wa karibu anapigwa juu. Mimi nachagua vyenye vifuniko, na nitafurahi ukivifunga ukishamaliza kupiga ziro.

Mwenzako hakukosea kwamba paralaksi ipo. Ni pale picha ya mnyama na msalaba visipokaa kwenye uso mmoja ndani ya darubini, ukisogeza jicho pembeni msalaba unaonekana kuhama. Darubini nyingi zisizo na kirekebishi cha pembeni zimewekwa kiwandani kwa yadi 100 au 150. Lakini pima ukubwa wake: lenzi ya milimita 40 iliyowekwa kwa mita 100, ukimtazama mnyama wa mita 200 na jicho likiwa ukingoni kabisa mwa lenzi, kosa la juu kabisa ni sentimita 2. Kwenye mita 300, sentimita 4. Haiwezi kukupa sentimita 27. Weka jicho katikati, hakikisha hakuna kivuli cheusi upande mmoja wa picha, na suala hilo limekwisha.

Ambacho hakuna darubini ya kawaida inayokupa ni umbali. Ulisema mita "kama 250". Hiyo "kama" ndiyo hatari. Kwenye mbuga tambarare yenye mwanga mkali mnyama huonekana karibu kuliko alivyo, na kwenye kivuli cha msitu huonekana mbali. Kwa risasi yako, kukosea kati ya mita 250 na 300 ni sentimita 15 au zaidi. Kama una fedha inayokuwasha mfukoni, nunua kipima umbali cha leza cha kawaida na darubini ya mkononi ya 8×42, na bado utabaki na chenji ya ile 6-24. Darubini ya mkononi si anasa. Kutafuta wanyama kwa darubini ya bunduki ni kumwelekezea mtutu kila unayemtazama, na siku moja huyo atakuwa mchunga ng'ombe au mwanamke anayeokota kuni.

Porini tembea na darubini yako ikiwa mara 3 au 4, siku zote. Mnyama akitokea karibu, uko tayari. Akiwa mbali utapata muda wa kuvuta hadi mara 6 au 7, na sioni sababu ya kwenda zaidi ya hapo ndani ya mita 200.

Kama uchunguzi nitakaokueleza hapo chini utaonyesha darubini yako imekufa, jibu langu ni fupi: 3-9×40 nyingine au 2-10×42 yenye vioo bora, msalaba rahisi ambao kingo zake ni nene na katikati mwembamba, vizungusho vyenye vifuniko, na iliyojazwa gesi kavu isishike ukungu ndani ukishuka nayo Pwani wakati wa masika. Mwenye bunduki kubwa ya .375 kwa ajili ya mbogo anahitaji kitu kingine kabisa, ukuzaji wa kuanzia mara 1 na nafasi ya sentimita 9 au 10 kati ya jicho na kioo, maana teke lake linachana nyusi. Za kuonea usiku usizifikirie. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 hairuhusu uwindaji wa usiku, na kabla hujaagiza kifaa chochote cha bunduki kutoka nje, uliza kwanza polisi wanaosimamia leseni ya silaha yako. Jihadhari pia na majina makubwa kwa bei ndogo. Nakala bandia zipo sokoni, na nyingi hulegea ndani baada ya risasi chache za .30-06.

Uchunguzi wenyewe ni huu. Kwenye mita 100, piga risasi moja katikati. Panda klik 20, piga. Nenda kulia klik 20, piga. Shuka 20, piga. Rudi kushoto 20, piga. Ya mwisho inapaswa kuangukia karibu na ya kwanza, na matundu yote kwa pamoja yachore mraba wa sentimita 14 au 15 kila upande kwa klik za robo moa, au sentimita 20 kwa klik za mili, ukiruhusu upana wa kundi lako. Mraba ukipinda au tundu la mwisho likipotea mbali, darubini hairudi ilikotoka na hakuna ziro itakayodumu. Kabla hujaihukumu, kaza skrubu, kwani barabara zetu za makorongo hulegeza vitu vilivyokazwa vizuri. Kila ufikapo kambini baada ya safari ndefu, piga risasi moja ya kuhakikisha pale inaporuhusiwa.

Kuna mambo ya kumpelekea mtu ana kwa ana. Kama bezi imekaa upande, kama skrubu imekatikia ndani, au kama unafika mwisho wa kizungusho kabla ya kupata ziro, nenda kwa fundi wa silaha aliyesajiliwa, usitoboe chuma mwenyewe. Kama bunduki inakupiga nyusi, akupime umbali wa jicho ukiwa umesimama na ukiwa umelala, ukuzaji ukiwa wa juu, maana hapo nafasi ya jicho hupungua. Mwombe mwalimu wa shabaha akutazame unapofyatua. Nusu saa ya macho ya mtu mwingine itaonyesha kama unafumba jicho kabla ya mlio. Na ukiizungusha lenzi ya nyuma, ile ya upande wa jicho, huku ukitazama anga jeupe mbali na jua na bunduki ikiwa tupu, na bado msalaba haukai mweusi na wazi, basi muone daktari wa macho kabla ya msimu.